Mume yuko Leeds, mimi niko Jinja: talaka tuimalizie wapi?

Shikamoo Shangazi,

Nimezaliwa Walukuba hapa Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako sote tulikua na Kiswahili, awe Msamia, awe Mlugbara, awe Mnubi. Sasa nakaa Bugembe na watoto wangu watatu, na ninauza vitenge katika soko kuu. Nina miaka 41.

Nilifunga ndoa kanisani mwaka 2006. Mume wangu alikuwa muuguzi. Mwaka 2012 alipata kazi Uingereza, lakini ada za mitihani, viza na tiketi vilitushinda. Niliuza kibanja alichoniachia marehemu baba kule Kakira, nikamhesabia fedha zote juu ya meza ya jikoni. Alilia, Shangazi. Tulipatana kwamba baada ya miaka miwili nitamfuata na watoto. Niliomba viza mara mbili, nikanyimwa mara mbili, na maisha yakaendelea hivyo: yeye anatuma, mimi najenga. Nyumba hii ya Bugembe nimeisimamia mimi tangu msingi hadi bati. Hati ya kiwanja iko kwa jina lake peke yake, maana wakati wa kununua alisema ndivyo itakavyokuwa rahisi.

Mwaka 2018 alinunua nyumba Leeds kwa mkopo wa benki. Uraia wa huko ameshapata. Mwaka 2021 alikuja kumzika mama yake, akakaa hapa nyumbani wiki tatu, na tulikuwa mume na mke. Mwaka jana ndipo aliponiambia kwa simu kwamba ana mwanamke mwingine huko na wamepata mtoto.

Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja na kijana kutoka ofisi ya wakili wa Kampala, wakaniachia bahasha. Ndani kuna maombi ya talaka yanayosema kwamba mimi nilimtelekeza mume wangu kwa kukataa kumfuata. Tena kuna makubaliano ya kurasa sita. Atanipa shilingi milioni 20, na mimi niruhusiwe kukaa katika nyumba hadi mtoto wa mwisho, mwenye miaka 10, amalize shule. Ukurasa wa tano unasema kila mmoja hana dai lolote juu ya mali ya mwenzake, iwe Uganda au popote pengine duniani.

Shemeji anasema, "Saini tu, shemeji, hapa talaka ni rahisi. Ukitaka mambo ya Ulaya utakwisha." Rafiki yangu wa sokoni ananikataza, anasema Uingereza mke anapewa nusu ya kila kitu. Jirani naye ananicheka, kwamba mtu ambaye hajawahi kukanyaga huko atashtaki vipi huko? Wamenipa wiki mbili.

Sitaki vita. Hata kumchukia sijaweza. Lakini naomba kujua: kweli mtu anaweza kuchagua nchi ya kuachikia? Na kuna tofauti gani kwa upande wa fedha?

Mama Watatu, Bugembe

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ile meza ya jikoni. Nitairudia, maana fedha za kibanja cha Kakira zina nafasi yake katika kesi hii.

Kwanza la haraka. Usisaini kitu. Halafu toa karatasi kwenye bahasha uangalie ukurasa wa mbele wa yale maombi ya talaka: kuna muhuri wa mahakama na namba ya kesi? Kama hakuna, mkononi una rasimu tu, na hizo wiki mbili ni za shemeji yako. Kama upo, basi umeshtakiwa, na samansi, yaani wito wa mahakama, ina siku zake za kujibu, zimeandikwa humo humo. Hizo usizipitishe. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye masjala ya mahakama, na nimewaona wanawake wakija miezi kadhaa baada ya hukumu, samansi ingali kwenye bahasha, hawakuifungua kwa uchungu. Uchungu naujua, lakini kesi husikilizwa hata asiyejibu asipokuwepo.

Sasa swali lako. Ndiyo, katika hali kama yenu mtu anaweza kuchagua, na jirani yako amekosea. Leeds iko England, na sheria ya England na Wales inakubali kupokea ombi la talaka ikiwa yule anayeshtakiwa ana makazi yake ya kawaida huko. Mumeo anafanya kazi Uingereza tangu 2012, na makazi yake yako Leeds. Hilo peke yake linatosha wewe kufungua, ukiwa hapo hapo Bugembe, hata kama hujawahi kuona theluji. (Scotland ina sheria yake mbali kabisa, kwa hiyo msomaji ambaye mumewe yuko Glasgow asichukue maneno haya kama yalivyo.)

Uganda nayo ina mlango wake. Sheria yetu ya talaka inamtaka anayeomba awe na maskani yake ya kudumu hapa siku anapofungua kesi. Wewe unayo bila ubishi. Yeye, mwenye uraia wa kule, nyumba ya kule na familia mpya ya kule, atalazimika kueleza kwamba moyo wake wa kurudi bado uko Uganda. Pengine ataweza, watu wengi wa huko wanaeleza hivyo na wanaaminiwa. Ila wakili wako asiliache lipite bila kuliuliza.

Kwa hiyo kwa nini yeye, anayeishi Leeds, ambako angeweza kuomba talaka kwa kompyuta akiwa sebuleni kwake, amekuja kutafuta wakili Kampala? Sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua. Lakini tazama tofauti.

Kuvunja ndoa ni kazi moja, kugawana mali ni kazi nyingine, na shemeji yako anakupa bei ya ile ya kwanza tu. Na hata hiyo, England haishindwi. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 hakuna tena kutafuta kosa la mtu: mmoja anatamka kwamba ndoa imevunjika, zinapita wiki 20, anaomba amri ya kwanza, zinapita wiki 6, anaomba ya mwisho. Ada ya mahakama ni karibu pauni 600, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Hapa kwetu bado kosa linatafutwa: uzinzi, ukatili, au kumtelekeza mwenzako miaka miwili bila sababu. Kabla ya 2004 hali ilikuwa mbaya zaidi, maana mume alitosheka na uzinzi peke yake, na mke akatakiwa kuongeza na kosa jingine juu yake. Wanawake wanasheria wa FIDA walikwenda Mahakama ya Katiba, na Machi mwaka huo ubaguzi huo ukafutwa. Kosa lenyewe limebaki. Ndiyo maana rasimu yako inakuita mtelekezaji. Mwanangu, zile barua mbili za kunyimwa viza, uzitafute leo. Ni jibu lako.

Tuje kwenye mali. Katiba yetu, kifungu cha 31, inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa na inapovunjika. Watu wengi husoma hapo wakadhani ni nusu kwa nusu. Sivyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe, ilisema kwamba kufunga ndoa peke yake hakugeuzi mali ya mmoja kuwa ya wote. Unapata sehemu katika kile ulichokichangia, na mchango unaweza kuwa wa fedha au usio wa moja kwa moja, kama kutunza nyumba ili mwenzako apate nafasi ya kutafuta. Lakini uuthibitishe. Jaji wa Jinja atakuuliza: ulichangia nini, na kinaonekana wapi?

England wanaanzia kwingine. Tangu kesi ya White mwaka 2000, mahakama zao zinakataa kumpendelea aliyeleta mshahara dhidi ya aliyelea watoto, na mali iliyochumwa ndani ya ndoa hupimwa kwa kipimo cha usawa. Jina lililo kwenye hati halimalizi mjadala. Na kila mmoja analazimika kutaja mali yake yote, popote ilipo, akiba, madeni na pensheni, na kuthibitisha kwa saini kwamba anasema kweli. Sasa rudi kwenye makubaliano uliyoletewa. Katika kurasa zote sita, nyumba ya Leeds imetajwa mahali? Pensheni imetajwa? Barua yako haisemi, nami nashuku hazimo. Unaombwa uachie vitu ambavyo hata majina yake hujaonyeshwa.

Hapo kwenye pensheni nataka nikae kidogo, maana hakuna aliyekutajia, si shemeji wala rafiki yako. Muuguzi aliyefanya kazi katika huduma ya afya ya serikali ya kule tangu 2012 kwa kawaida anajengewa pensheni, na mara nyingi hiyo ina thamani kubwa kuliko alicholipia kwenye nyumba. Mahakama ya England inaweza kuikata na kukutengea fungu lako kwa jina lako mwenyewe. Mahakama ya Uganda haiwezi kufika huko: hata ukishinda Jinja, mfuko wa pensheni wa Uingereza hautafuata amri ya jaji wa Jinja. Na ukishaachika bila fungu hilo, haki ya mjane nayo inapotea, kwa sababu siku akifa hutakuwa mkewe. Kwa hiyo hata England kwenyewe, mawakili huonya mtu asikimbilie amri ya mwisho ya talaka kabla ya mambo ya fedha kukamilika.

Lakini rafiki yako wa sokoni naye amekupa nusu ya habari. "Nusu ya kila kitu" si ahadi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme nyumba ya Leeds inauzika pauni 200,000 na benki inadai 150,000. Kilichopo cha kugawana ni 50,000. Kesi ikipiganwa hadi hukumu, mawakili wa pande zote mbili wanaweza kumeza makumi ya maelfu, na mkabaki mnagawana hasira. Tena jaji hutazama mahitaji: mahitaji ya mama wa Bugembe yatapigwa kwa bei za Bugembe, na kule Leeds kuna mtoto mdogo ambaye naye atahesabiwa. Kwa upande wa pili, mahakama ya England inaweza kumwamuru mwenye uwezo amlipie mwenzake gharama za wakili wakati kesi inaendelea. Muulize wakili kuhusu amri hiyo mapema, usisubiri ufilisike kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo wakili wa mumeo atalishika kwa mikono miwili: ndoa yenu iliisha lini? Atasema iliisha 2012, siku alipopanda ndege, na kwamba nyumba ya 2018 na sehemu kubwa ya pensheni vimechumwa na mtu aliyekwisha kutengana na mkewe. Akifanikiwa hapo, dai lako linanywea. Wewe unayo majibu, tena mazuri. Mtoto wa miaka 10 hakuzaliwa na ndoa iliyokufa 2012. Fedha alizokuwa akituma, wiki tatu za 2021, jumbe anazokuita mke wangu, picha za mazishi mkiwa mmesimama pamoja, hivi vyote ni ushahidi. Jumbe zilizo kwenye simu zipige picha, uzihifadhi mahali pengine tofauti na simu hiyo, maana simu huibiwa na huanguka majini.

Na Kakira. Kule masjala nakumbuka mama mmoja alikuja na kaveera, mfuko wa plastiki, imejaa risiti za saruji na nondo. Alikuwa amezitunza miaka saba. Akazimwaga mezani, na nusu yake zilikuwa karatasi nyeupe tupu, wino wa zile mashine umefifia wote. Alizigeuza moja moja akizielekeza dirishani, akitafuta hata tarakimu moja. Sijamsahau. Kwa hiyo risiti zako zitoe nakala wiki hii. Kama uliandika daftari la ujenzi, tripu za mchanga, mifuko ya saruji, siku za fundi, basi daftari hilo lina thamani kuliko maneno ya mashahidi kumi. Karatasi ya mauzo ya kibanja, ile iliyopigwa muhuri na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), itafute kwa aliyenunua kama wewe huna. Mwaka uliouza na mwaka aliosafiri ni mmoja. Mzani wa Jinja utauona huo kama mchango, na wa Leeds vilevile.

Sasa, je, inawezekana kuachika hapa kwanza, halafu ukadai fedha kule? England wanayo sheria ya 1984 inayomruhusu mtu aliyeachika nchi nyingine kuomba mgao wa fedha kwao, akipata kwanza ruhusa ya mahakama. Kesi maarufu ni ya Agbaje, mume na mke wenye asili ya Nigeria. Mahakama ya Lagos ilimpa mke haki ya kukaa katika nyumba moja huko maisha yake yote na fedha za karibu pauni 21,000. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaunga mkono apewe pauni 275,000, kwa sharti kwamba aiachie ile haki ya kukaa katika nyumba ya Lagos. Rafiki yako akisikia hiyo atakuambia, "Si nilikwambia!" Ila huyo mama alikuwa mkazi wa England kwa miaka mingi, na raia wa huko. Wewe huna uhusiano wa namna hiyo na nchi ile, na jaji hupima uhusiano. Mlango huo upo, lakini mimi nisingeupangia safari. Nao hufungwa kabisa ukiolewa tena kabla ya kuomba. Nayasema haya kwa kila anayesoma, maana wapo wanaume wema watakaokuja kukuposa, na hakuna atakayekuuliza habari za mahakama ya England.

Ule ukurasa wa tano nao uko hapa hapa. Ukiusaini, jaji wa England hafungwi nao moja kwa moja, lakini atakuuliza ulisaini kwa hiari, ulipata ushauri wa wakili wako mwenyewe, na ulijua mali yake yote? Kama sivyo, una la kusema. Ni heri usilazimike kulisema.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nautoa bila kuzungukazunguka: tafuta wakili wa familia wa England akutazamie ndani ya siku hizi chache, kabla mumeo hajasajili kesi Kampala. Wengi hukubali mazungumzo ya kwanza kwa simu au video kwa bei ndogo. Mwambie mambo matatu tu kwanza: mume ana makazi Leeds, anayo pensheni ya huduma ya afya, na hapa Uganda ameandaa maombi lakini bado hajafungua (au tayari amefungua). Nani ametangulia kufungua si jambo la mwisho, lakini lina uzito. Kesi zikiwa mbili, mumeo anaweza kuiomba mahakama ya England isimamishe ya kwao, akisema ndoa ilifungwa Uganda, mke na watoto wako Uganda, basi na kesi ikasikilizwe Uganda. Hoja hiyo ina nguvu, sitakuficha. Jibu lako ni kwamba nyumba, mshahara na pensheni viko kule, na Uganda haiwezi kuvigusa. Huko ndiko mawakili watakakovutana, na ndiko anayejua kazi atakupa jibu la kweli kama inafaa kupigana au kukaa mezani na takwimu za kweli mkononi.

Maana unaweza usipigane kabisa. Mtu anayejua kwamba mwenzake anaweza kufungua England huzungumza lugha nyingine. Milioni 20 inaweza kugeuka nyumba ya Bugembe kuandikwa jina lako na fungu la pensheni kwa amri ya mahakama mliyoikubali nyote wawili. Hiyo ndiyo bei ndogo kuliko zote. Habari za nyumba ya Leeds si siri za kutisha. Rejista ya ardhi ya England iko wazi kwenye intaneti, ukijua anwani, kwa pauni chache unaona mwenye nyumba ni nani na ana rehani ya benki gani, na mara nyingi hata bei aliyonunulia.

Nyumba ya Bugembe ni habari nyingine, na hii ni ya hapa hapa. Jaji wa England anaweza kuihesabu thamani yake, lakini msajili wa ardhi Jinja habadilishi hati kwa karatasi ya Leeds. Sheria ya Ardhi ya 1998, ilivyorekebishwa 2004, haimruhusu mume kuuza wala kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi bila idhini ya mke, na inampa mke haki ya kuweka kaveti, yaani zuio kwenye hati, hata kama jina lake halimo. Kaweke kaveti. Usingoje ugomvi. Fanya kwanza upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ujue bado iko kwa jina lake na haina mkopo. Na kumbuka ulinzi huu ni wa mke, kwa hiyo ukiachika kabla nyumba hiyo haijaamuliwa, umeshika kamba iliyokatwa upande mmoja. Ile ahadi ya kukaa hadi mtoto amalize shule maana yake ni kwamba utatolewa ukiwa na miaka hamsini hivi, huna kibanja cha Kakira wala nyumba.

Ukiwa kwenye shughuli za karatasi, pita URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa, uhakikishe ndoa yenu imo kwenye rejista. Kuna makanisa hufungisha ndoa na kusahau kupeleka taarifa, na mtu anakuja kugundua siku ya kesi. Nakala iliyothibitishwa utaihitaji mahakama yoyote utakayokwenda.

Watoto wasisubiri haya. Matunzo yao unaweza kuyadai sasa, ukianzia kwa afisa wa probesheni wa wilaya au mahakama ya familia na watoto. Amri ya matunzo ya hapa inaweza kupelekwa Uingereza ikatekelezwe kwa ule utaratibu wa zamani wa nchi za Jumuiya ya Madola. Ni polepole, lakini upo.

Najua wasomaji wa mipakani, Busia na Mutukula, wataniuliza kuhusu jirani zetu. Kenya, Mahakama yao ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu si ya moja kwa moja, mchango unapimwa, ila sheria yao ya 2013 imetaja waziwazi kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango. Tanzania walitangulia wote: mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni jasho lililoingia katika mali. Na kwa dada zangu Waislamu wenye waume England: talaka iliyotamkwa kwa mdomo ndani ya Uingereza haivunji ndoa mbele ya sheria ya kule, hata kama shehe ameiandika. Msikubali kuambiwa mmeshaachika na hamna dai.

Umesema hutaki vita na humchukii. Baki hivyo hivyo. Shemeji akija, mkaribishe chai, umwambie: "Shemeji, nimezipokea karatasi, nazipeleka kwa wakili wangu, naye ataandika kwa wakili wenu." Asipate neno jingine la kubeba. Kwa wakili wa hapa, kama mfuko hauruhusu, nenda FIDA Uganda, wanasaidia wanawake wasio na uwezo.

Na uniandikie ukishaangalia ule ukurasa wa mbele. Nataka kujua kama kuna muhuri.

Shangazi